Wapimeni, lakini ulizeni na choo kiko wapi

Nakubaliana na mwandishi wa makala aliyeshauri kwamba mgonjwa wa kiharusi apimwe hatari ya kuanguka kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kipimo kimoja cha hatari hiyo, cha kiti, hakihitaji mashine: mgonjwa anainuka kitini, anatembea mita 3, anageuka, anarudi na kuketi, huku mtaalamu akihesabu sekunde. Hata zahanati ya kijijini huko Chamwino inakiweza. Kile cha Berg, kinachopima uwezo wa mtu kujimudu asiyumbe, chenye majaribio 14 na jumla ya alama 56, kinachukua muda zaidi.

Ila sakafu ya wodi ni tambarare. Nyumbani kwetu Kongwa, baba mkubwa anatoka usiku kwenda choo cha shimo, anashuka kizingiti, anapita kwenye changarawe na kandambili. Mkono mmoja hauna nguvu, mwingine umeshika tochi. Fimbo ataishika na nini? Naomba sana wataalamu waulize: choo kiko wapi, anaamka mara ngapi usiku, dawa za presha zinampa kizunguzungu akisimama? Na wamuulize pia anayemuuguza, maana wapo ambao kiharusi kimewafanya wasitambue upande mmoja wa mwili. Hao ukiwauliza watakuambia wako sawa kabisa.

Halafu kipimo kirudiwe kliniki. Mifupa ya upande uliopooza hudhoofika kadiri miezi inavyokwenda, na nyonga ikivunjika, mtu aliyekuwa ameanza kutembea anarudi kitandani. Tarehe ya kupimwa tena iandikwe kwenye kadi yake, kama inavyoandikwa ya presha.