Mtu wa tano ndani ya boksi

"Boksi lote hilo ni mchezo? Bao lina kete 64 na watu wanalicheza mpaka wanazeeka." Mzee jirani yetu hapa Nkuhungu, Dodoma, alisema hivyo Jumamosi moja, kasimama barazani akitutazama wanne tunavyounganisha vipande vya ramani mezani. Hakusema kwa ubaya, na hoja yake ina uzito kuliko wanavyokubali wapenzi wa michezo hii ya mashujaa, mapango na mazimwi.

Mchezo ulikuwa Gloomhaven wa Isaac Childres, uliotoka 2017. Boksi lina karibu kilo 10: kadi zaidi ya 1,700, mapambano 95, wahusika 17, na wengi wao wamo kwenye visanduku vilivyofungwa ambavyo hufungui hadi zamu yao ifike. Bei yake Marekani ilikuwa dola 140, hapo hujagusa usafiri wala ushuru. Kwa mji huu ambao kila mazungumzo huishia kwenye viwanja na saruji, kutaja bei hiyo mbele ya mashemeji ni kujiitishia kikao cha familia. Tena kupanga meza tu kunakula nusu saa, maelekezo ni Kiingereza kitupu, na upepo wa Dodoma hauna adabu: kadi tunazikandamiza kwa kokoto, vikorokoro vingine tunavigawa kwenye trei ya mayai.

Sawa. Lakini anayesema utitiri ule ni mbwembwe tupu hajakaa mezani.

Tangu Dungeons & Dragons ya 1974, michezo ya jamii hii imemhitaji msimulizi, yule anayeandaa pango, anayechezea maadui na kuamua ugomvi, huku wenzake wakila raha ya ushujaa. Ndani ya Gloomhaven kazi hiyo inafanywa na kadi. Kila aina ya adui ina kadi zake. Ukifunua moja inakuambia anasogea hatua ngapi na anapiga kwa nguvu gani. Kwa hiyo sote wanne tuko upande mmoja. Punguza kadi zile, na lazima mmoja wetu ahamie kwa mazimwi.

Hata dadu hazimo. Kila zamu unachagua kadi mbili mkononi, unatumia sehemu ya juu ya moja na ya chini ya nyingine, na kadi zinapungua kadiri pambano linavyoendelea. Zikikuishia, shujaa wako kachoka, yuko nje. Jumamosi hiyo mwenzetu mmoja alibaki na kadi mbili mbele ya mlango wa mwisho, akikuna kichwa kama mtu anayepigia hesabu mshahara tarehe 20. Mzee naye alikuwa keshavuta kiti. Hakuuliza tena habari za boksi.

Nirudi kwenye hizo dola 140, maana ndizo zinazotuletea lawama. Tufanye hatumalizi mapambano 95, tunaishia 50 tu, moja kila Jumamosi. Huo ni karibu mwaka mzima. Kila jioni inagharimu dola 2.80, na tukigawana wanne ni senti 70 kwa kichwa. Ongeza usafiri, ifanye hata mara mbili: bado sijui kiti gani cha baa Dodoma kinakuweka saa tatu nzima kwa hela hiyo.

Mahali mzee anaponishinda ni kwenye vipande vya ramani. Mwaka 2020, wakati Frosthaven, mwendelezo wa mchezo huu, ikichangiwa karibu dola milioni 13 kwenye Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha, ilitoka pia Jaws of the Lion, boksi dogo la bei nafuu ambalo ramani zake zimechapwa kitabuni. Unafungua ukurasa, unacheza. Kumbe sehemu ya mzigo ilikuwa mzigo kweli.

Kinachonitia shaka zaidi, hata hivyo, ni watu. Hesabu yangu ya senti 70 inataka wanne walewale kila Jumamosi, na huu ni mji wa watumishi. Tangu treni ya umeme ianze safari 2024, Ijumaa jioni nusu ya marafiki zangu wako njiani kwenda Dar. Ndani ya mchezo, shujaa akitimiza lengo lake anastaafu na mwingine anafunguliwa kisanduku. Sisi mwenzetu wa kadi mbili kahamishwa mwezi uliopita, na kiti chake kwa sasa anakalia mzee, anayetaka kila kadi atafsiriwe mara mbili.