Kwaya yetu inafufuka Jumapili moja tu

Jamani naomba niseme maana nikinyamaza nitapasuka. Jumapili ile ya Huruma ya Mungu, wiki moja baada ya Pasaka, tarehe 12 Aprili, nimeingia kanisani nikakuta kwaya ya kuhesabu kwa vidole, besi hakuna hata mmoja, mpiga kinanda hayupo (nasikia siku hizi anakuja kwa sikukuu tu), na wimbo wa mwanzo ni ule ule wa siku zote ambao hata watoto wa Utoto Mtakatifu wanauimba huku wanasinzia. Wiki moja nyuma hapo hapo kulikuwa na sare mpya, sauti nne zimepangika, tarumbeta, watu wamejaa mpaka nje chini ya mwarobaini. Sasa Bwana alifufuka kwa mkataba wa siku moja?

Na kinachochekesha zaidi, injili ya siku hiyo ni ya Tomaso. Tomaso Jumapili ya kwanza hakuwepo, akaja ya pili, baada ya siku nane, na Yesu akamrudia. Kwaya yetu imefanya kinyume chake, ya kwanza wote wapo wamependeza, ya pili hawaonekani. Afadhali Tomaso!

Hebu tuelewane. Kwaresima tunaibeba siku 40, kila Ijumaa njia ya msalaba na kwaya ipo, mazoezi ya Mateso mpaka usiku, Utukufu hatuimbi, Aleluya imefungiwa kabatini, na kwa kulia tunajua kulia kwelikweli, nyimbo za mateso za kwaya zetu zinaweza kumliza hata askari wa trafiki. Halafu unafika mkesha, moto unawashwa nje, mshumaa unaingia kanisa likiwa giza, Mbiu ya Pasaka inaimbwa, Utukufu unapigwa na kengele zote ambazo zilinyamaza tangu Alhamisi Kuu, Aleluya inarudi mara tatu, kila mara inapanda juu kidogo, mtu unasisimka mwili mzima. Sasa hiyo furaha Kanisa limeipa siku 50! Mwaka huu kuanzia Aprili 5 mpaka Pentekoste Mei 24. Zile nane za kwanza zote ni sikukuu kamili, ndiyo maana mwisho wa misa padre anasema nendeni na amani, aleluya, aleluya. Jumapili ile padre kaimba vizuri tu, anasubiri jibu, kwaya wanafunga mafaili, waamini nusu wako mlangoni wanatafuta bodaboda. Akajibiwa na bibi mmoja benchi la mbele, peke yake, kwa sauti ya kutetemeka lakini noti zote zipo.

Mtaniambia watu wamechoka. Haya, nakubali, walimu wa kwaya hawalipwi, nauli wanatoa mfukoni, na mwezi wa nne huku kwetu Dodoma mvua zinaishia, mtama na karanga vinataka watu shambani. Sawa. Lakini wakati wa Njia ya Msalaba palizi haikuwepo?

Na msiniambie habari ya kinanda. Nimewahi kusali Jumatatu ya Pasaka kigango kimoja upande wa Chamwino, umeme hakuna, spika hakuna, kina mama wamebana ngoma za muheme katikati ya magoti, kiongozi anatupa mstari mmoja kwa Kigogo, wengine wanaudaka kwa sauti nyembamba za juu zinazopishana na zile za chini, njuga zinajibu, na wimbo ni mmoja tu, kaburi liko wazi, kaburi liko wazi, wakauzungusha mpaka katekista akasahau matangazo. Hakuna aliyekodiwa pale. Mjini tukikosa mtu wa kinanda basi na ufufuko tunaahirisha.

Halafu hii Haleluya ya Handel, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, ambayo kila kwaya lazima iiimbe ionekane imekomaa. Naipenda, sina ugomvi nayo, ingawa tenor wetu wanaiparamia kama wanadandia daladala ya Nkuhungu saa kumi na mbili jioni. Ila mnajua kwamba pale mzee hajamaliza? Ile kazi yake nzima, Messiah, ina sehemu tatu, Haleluya inafunga ya pili, na ya tatu inaanza taratibu na maneno ya Ayubu, najua kwamba mteteaji wangu yu hai, soprano mmoja anaimba bila kelele yoyote, halafu ndiyo yanafuata ya Paulo kwa Wakorintho, tarumbeta italia na wafu watafufuliwa. Yaani sisi tunapiga makofi tunakwenda kula pilau, wakati habari yenyewe ya sisi kufufuka bado haijaguswa.

Sare mpya sizungumzii, mmependeza.

Mwalimu wa kwaya, shikamoo, najua utasoma hii maana kuna mtu atakurushia kwenye grupu. Sitaki wimbo mpya wala tarumbeta. Nyimbo mlizofanyia mazoezi miezi miwili mzigawe, mbili mbili kila Jumapili mpaka Pentekoste, na misa ikiisha msifunge mafaili kabla padre hajajibiwa. Besi mkikosa niambieni, nitakuja mimi, sauti ninayo ila noti mtanivumilia.