Reti za kiwanja na siku 28
Jamani, hizi reti za kiwanja, kodi ya kaunti inayofuata thamani ya ardhi, zitatumaliza. Hapa Kisauni, Mombasa, kiwanja changu na cha jirani vimepakana, ukubwa mmoja, njia moja, ile ya kuvua viatu mvua ikinyesha. Chake kimethaminiwa nusu ya changu! Haya, pinga. Sheria ya zamani ya Kenya ya uthamini wa reti, Sura ya 266, ilitoa siku 28 za kupinga tangu tangazo la orodha ya thamani litoke, na tangazo lenyewe lilikuwa la gazetini. Siku hizi nani ananunua gazeti, kama si muuza mahamri, apate la kufungia? Ukifika dirishani kwa kaunti, mwenye faili "yuko fildi". Fildi gani, wallahi, na huku Kisauni hatujamuona? Riba ya kuchelewa, hiyo haiendi fildi hata siku moja.