Saa 72 hazijui Jumapili

Ijumaa saa nne usiku kondomu inapasuka. Jumatatu saa mbili asubuhi dirisha la CTC, kliniki ya VVU, linafunguliwa. Hapo saa 58 zimeshakwenda. Ukiambiwa "njoo kesho", Jumanne asubuhi unaingia saa ya 82, na mwisho wa kuanza PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari, ni saa 72. Umeula wa chuya.

Hesabu hii sikuitunga. Kuna dogo mmoja wa mtaani kwetu, Tandika, alinigongea mlango Jumapili mchana, macho mekundu. Mwenzake alikuwa amenunua P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, duka la dawa tangu Jumamosi asubuhi, dakika mbili tu, pesa huku dawa huku. Mimba wakaikumbuka. Virusi vikawakumbuka wao usiku wake, kitandani, usingizi ulipogoma.

Nikampeleka hospitali. Mapokezi: "Hiyo ni ya CTC, na leo wamefunga." Kisha, kwa sauti iliyofika hadi benchi la mwisho: "Mlikuwa wapi tangu juzi?" Dogo akatazama viatu vyake.

Kinachonikera ni kwamba dawa hazikuwa mbali. PEP si dawa ya ajabu. Ni ARV zilezile wanazomeza wanaoishi na VVU, tenofovir, lamivudini na dolutegravir, kidonge kimoja kwa siku kwa siku 28, na serikalini hutolewa bure. Zilikuwa ndani ya jengo lile lile tulilosimama, nyuma ya kufuli. Kirusi kikiingia hakisambai mwilini papo hapo. Kinaanza kujizalisha pale pale kilipoingilia, na ndiyo nafasi pekee ya kukikaba. Kila saa ya kusubiri ufunguo inakipa mwendo.

Muuguzi akichomwa kwa bahati mbaya na sindano iliyotumika kazini haambiwi asubiri Jumatatu, na ni haki yake. Hata ushahidi wa mwanzo ulitoka kwa wahudumu kama yeye: utafiti wa mwaka 1997 ulionyesha ARV moja tu, zidovudini, ilipunguza hatari ya kuambukizwa kwa takriban asilimia 81. Sasa kwa nini wa sindano apewe pole, wa kondomu apewe mahojiano? Na aliyebakwa, ambaye bado watu wanamwambia apitie kwanza polisi kuchukua PF3? Karatasi ile ni ya ushahidi. Kidonge kimeze kwanza, karatasi ifuate.

Mimi nasema dozi ya kwanza itolewe popote mtu anapofikia: chumba cha dharura, zahanati, hata duka la dawa lenye mfamasia. Kupima na ushauri vifuate. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza PEP itolewe hadi kwenye jamii, na wafamasia waruhusiwe kuitoa.

Dogo alimeza kidonge cha kwanza Jumatatu saa tano asubuhi, kwa maji ya machinga nje ya geti. Saa ya 61. Kopo akalificha ndani ya soksi, maana wanaoishi naye wangeliona wangesema tayari anao. Amemaliza siku zote 28. Kipimo cha wiki ya sita kimetoka salama, anasubiri cha miezi mitatu.

Wiki iliyopita nikapita kwa yule dada aliyeuza P2, nikamuuliza kama anaijua PEP.

"Hiyo mpaka hospitali, kaka," akasema. "Nenda Jumatatu."