Huskies wangu ni wale wa 2009

Mashabiki wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn) wana ubishi wao mmoja usiokwisha: kati ya vikosi vyote vilivyopita pale Storrs, mji kilipo chuo hicho, kipi ndicho kipenzi chako? Pa kuchagua wanapo. Timu yao ya wanaume, Huskies, ilichukua ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1999, 2004, 2011, 2014, 2023 na 2024. Watu wazima watakutajia 1999. Walioanza kufuatilia juzi watakutajia 2024, na ukibisha watakuona umepitwa na wakati.

Mimi nataja kikosi cha msimu wa 2008-09. Hakikuchukua ubingwa wa taifa, hakikuchukua hata ule wa ligi yao ya Big East, na bado hakuna kikosi cha UConn ninachokipenda kama hicho.

Nitaambiwa ni kwa sababu ya Hasheem Thabeet. Ni kweli, na sina sababu ya kuficha. Kijana wa Dar es Salaam aliyeanza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15 anasimama katikati ya timu iliyoshika namba moja Marekani nzima. Nani wa kwetu angekaa kimya? Mechi zenyewe hazikuonekana kwenye televisheni zetu. Tulikuwa tunakwenda intaneti kafe asubuhi kusoma takwimu za mechi iliyochezwa usiku wa kule, pointi ngapi, rebaundi (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa) ngapi, kazuia mitupo mingapi, kisha jioni hadithi zinahamia viwanjani. Kwenye viwanja vya Don Bosco pale Upanga kila kijana mrefu aliitwa Thabeet, apende asipende.

Lakini tuuweke Utanzania pembeni kidogo, tuzungumze mpira.

Waulize watu wa Connecticut kuhusu kikosi cha 1990 uone watakavyokujibu. Katika mashindano ya Machi ya NCAA, yale yanayotoa bingwa wa vyuo wa taifa, mwaka ule UConn walikuwa nyuma ya Clemson kwa pointi moja, imebaki sekunde moja tu. Scott Burrell akarusha mpira uwanja mzima, Tate George akaudaka pembeni, akageuka, akatupa, ukaingia: 71-70. Siku mbili baadaye Christian Laettner wa Duke akawafanyia wao vilevile, wakatoka kwa 79-78 katika dakika za nyongeza. Kikosi kile hakikufika hata nusu fainali ya taifa. Lakini hadi leo wazee wa Hartford, mji mkuu wa Connecticut, wakikisimulia sauti zinabadilika, kwa sababu ndicho kilichowaonyesha kwamba chuo chao cha vijijini, chini ya kocha Jim Calhoun, kinaweza kukaa meza moja na wakubwa. Kama 1990 wanaruhusiwa kuipenda bila kombe, basi na mimi niachiwe 2009 yangu.

Na 2009 walikuwa wazuri kweli. Katika mechi 36 walipoteza tano tu. Mchezesha timu alikuwa A.J. Price, kijana aliyewahi kuvuja damu ndani ya ubongo kabla hajachezea chuo hata mechi moja, kisha Machi 2008 akakatika mshipa wa goti katika mashindano ya NCAA. Jeff Adrien alikuwa mtu wa kazi ngumu chini ya ringi, hana mbwembwe. Stanley Robinson aliruka mpaka unajiuliza atashuka saa ngapi. Jerome Dyson ndiye aliyewanyima usingizi wafungaji wa upande wa pili. Benchi alikaa kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Bronx, mfupi, mwepesi kama umeme, jina lake Kemba Walker.

Nyuma yao wote, Thabeet. Urefu wake mita 2.21, na msimu ule alikuwa na wastani wa pointi 13.6, rebaundi 10.8 na mitupo 4.2 iliyozuiwa kwa kila mechi. Makocha wa vyuo walimchagua mlinzi bora wa taifa miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009. Dhidi ya Providence, Januari 2009, alizuia mitupo 10 peke yake.

Ila takwimu za kuzuia hazisemi nusu ya kazi yake. Senta wengi warefu huruka kila mpira unapoinuliwa, wanadanganywa, wanaishia kupewa faulo na kukaa benchi. Thabeet wa mwaka ule alikuwa ameshajifunza kusubiri. Anasimama hatua moja mbele ya ringi, mikono juu, anamwacha mshambuliaji aje mwenyewe. Tazama video zile, umwangalie yule mwenye mpira. Amempita mlinzi wa nje, njia iko wazi, kisha hatua ya mwisho anasita. Ama anaurudisha mpira nje, ama anautupa juu kupita kiasi ili ukwepe ule mkono, na mpira hata ringi haugusi. Hilo haliandikwi popote kama bloku. Ndiyo maana Dyson na Walker waliweza kuwabana watu mbali na ringi bila woga: ukipitwa, nyuma yako kuna mtu.

Februari ndiyo iliyowaumiza. Walipoifunga Syracuse tarehe 11, Dyson aliumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Siku tano baadaye, tarehe 16, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, Pittsburgh walikuja Hartford. DeJuan Blair, aliyezidiwa na Thabeet karibu sentimita 20 lakini mpana kama mlango wa ghala, alinasana naye mikono wakigombea rebaundi, akamvuta, akampitisha juu ya bega lake, akambwaga chini chali. Picha ile ilizunguka kila mahali. Blair alimaliza na pointi 22 na rebaundi 23, Thabeet na pointi tano na rebaundi nne, na Pittsburgh wakashinda 76-68.

Waliomcheka Thabeet kwa usiku ule husahau kwamba mwisho wa msimu yeye na Blair walipewa kwa pamoja tuzo ya mchezaji bora wa Big East. Na Big East ya 2009 haikuwa ligi ya mchezo. Timu tatu za ligi hiyo, UConn, Pittsburgh na Louisville, ziliwekwa namba moja katika kanda zao za mashindano ya NCAA, na kanda zote ni nne tu.

Halafu kuna usiku wa Machi 12, pale Madison Square Garden, New York. Robo fainali ya Big East, UConn na Syracuse. Dakika 40 ziliisha 71-71. Eric Devendorf wa Syracuse alikuwa ametupia pointi tatu mwishoni kabisa, akapanda juu ya meza kushangilia, waamuzi wakaangalia video, wakakuta mpira ulikuwa bado uko mkononi muda ulipokwisha. Pointi zikafutwa. Kuanzia hapo wakacheza nyongeza ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita. Katika nyongeza tano za mwanzo Syracuse hawakuongoza hata mara moja. Kila mara UConn wanatangulia, kila mara wanafikiwa. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67, akatupa mitupo huru 16 na yote ikaingia. Price alifunga 33, Robinson 28, Thabeet 19 na rebaundi 14. Wachezaji wanane walitolewa kwa faulo. Mwisho wake Syracuse 127, UConn 117, saa za New York ikiwa saa saba na dakika 22 usiku. Kwetu ilikuwa Ijumaa, saa mbili na dakika 22 asubuhi, watu wameshafika kazini, mechi iliyoanza kabla ya adhana ya alfajiri ndiyo kwanza inaisha.

Walifungwa, najua. Lakini nitajie timu iliyoshinda mechi ambayo watu wanaikumbuka kwa undani kama hii iliyopotezwa na UConn. Mashabiki wao wanaumia ikitajwa, na hapo sikubaliani nao. Timu iliyompoteza mlinzi wake bora wa nje, inacheza mechi karibu ya saa nne, inatangulia mara tano mfululizo na bado inakimbia, hiyo ni timu ya kujivunia.

Wiki iliyofuata waliingia NCAA. Calhoun alilazwa hospitali siku ya mechi ya kwanza, vijana wakacheza bila yeye na kuwafunga Chattanooga 103-47. Wakapita Texas A&M, wakapita Purdue, na dhidi ya Missouri yule Kemba wa benchi akafunga 23. Nusu fainali ikapangwa Detroit, na bahati mbaya mpinzani akawa Michigan State, wenyeji wa jimbo lile. Watu zaidi ya 72,000 waliujaza uwanja wa Ford Field, wengi wao wakiwashangilia wale waliovaa kijani. Mwaka ule viwanda vya magari vya Detroit vilikuwa vinayumba, mji mzima ulikuwa unatafuta kitu cha kushangilia. Michigan State walikimbia mwanzo mwisho, 82-73. Nimeshasema mara nyingi na nitarudia: wakiwa na Dyson, wanashinda mechi ile.

Kinachoniuma zaidi si Detroit. Kinachoniuma ni jinsi sisi Watanzania tunavyomzungumzia Thabeet. Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika droo ya NBA, ambako timu za ligi ya kulipwa huchagua wachezaji wapya kwa zamu, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden na Stephen Curry. NBA haikumwendea vizuri. Alizunguka Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, akapata dakika chache, na wastani wake haukufika hata pointi tatu. Tangu hapo kila mwenye mdomo ana mzaha wake kuhusu droo ile. Waandishi wa Marekani wanaofanya orodha za makosa ya droo, hao siwashangai, ndiyo kazi yao. Ninaowashangaa ni wa hapa nyumbani wanaonakili orodha zile na kuzitafsiri bila kuongeza sentensi moja kuhusu Storrs.

Kwa miaka mitatu, katika ligi iliyokuwa ngumu kuliko zote za vyuo, Mtanzania alizuia mitupo mingi kuliko mchezaji yeyote wa UConn isipokuwa Emeka Okafor. Rudia hapo: chuo cha Okafor, cha Ray Allen, cha Richard Hamilton, na jina la pili kwenye orodha ya kuzuia ni la mtoto wa Dar. Baada ya NBA aliendelea kucheza, akafika hadi Japani na Taiwan. Mtu wa namna hiyo anastahili kusimuliwa kwa watoto wanaojifunza kikapu leo kwa yale aliyoyafanya, siyo kwa namba aliyoitwa siku ya droo.

Sisemi vikosi vingine havina lolote. Wa 1999 waliwafunga Duke 77-74 wakati karibu kila mtu alishawapa Duke kombe, Hamilton akiwa na pointi 27. Wa 2004 wana Okafor na Ben Gordon, na kwa vipaji pengine ndio bora wa wote. Wa 2011 ni wa Kemba, aliyekuwa ameshakua: mechi tano ndani ya siku tano kuchukua Big East, kisha nyingine sita kuchukua taifa. Na kikosi cha 2023 nakiheshimu kwa namna ya pekee kwa sababu ya Adama Sanogo, kijana wa Mali aliyecheza nusu fainali na fainali akiwa kwenye funga ya Ramadhani na bado akatangazwa mchezaji bora wa hatua ile. Wanawake wa UConn wana historia yao ndefu kuliko hii. Msimu uleule wa 2008-09 walishinda mechi zote 39 na kombe wakachukua, hao wanataka makala yao peke yao.

Swali ambalo nimeulizwa sana: hao wa 2009 wangewafunga wa 2024? Kwa sheria za sasa, hapana. Mstari wa pointi tatu ulisogezwa nyuma mwaka 2019, na wale kina Cam Spencer na Alex Karaban wangetanua uwanja mpaka Thabeet alazimike kutoka chini ya ringi, halafu Stephon Castle anapita katikati. Donovan Clingan, mwenye urefu unaokaribia wake, angemsumbua pia kwenye rebaundi. Lakini wachezeshe kwa mstari wa 2009, uwanja ubanane kidogo, Thabeet abaki nyumbani kwake mbele ya ringi na Dyson awe na magoti yote mawili mazima. Hapo dau langu liko kwa 2009, na Clingan atamaliza mechi akiwa na faulo nne.