Njiti akishatoka wodini: Leeds wanakufuata, Morogoro unawafuata wewe

Ndugu wakisikia mwanangu alizaliwa njiti, mimba ikiwa ya wiki 30 tu, huku Leeds, Uingereza, sentensi wanaimalizia wenyewe: "Mshukuru Mungu, ungekuwa huku sijui ingekuwaje." Kuhusu ile wodi ya mashine sibishani nao. Ninabishana nao kuhusu miezi inayofuata, mtoto akisharuhusiwa, maana hapo tofauti haiko pale wanapodhani.

Huku, mtoto njiti akitoka hospitali anafuatwa. Kabla hatujaondoka wodini tarehe ya kupima macho ilikuwa imeshapangwa, kwa sababu aliyezaliwa kabla ya wiki 31 lazima mishipa ya nyuma ya jicho iangaliwe, isije ikaota vibaya ikamletea upofu. Matone ya chuma na vitamini tulipewa mkononi. Kisha nesi akaja nyumbani na mzani kwenye begi, akauweka juu ya zulia la sebuleni, akaniambia nimvue mtoto kila kitu hata nepi, akasubiri namba itulie. Ukikosa miadi unaletewa barua, na usipoijibu unapigiwa simu. Mara nyingine inachosha, nakiri.

Mdogo wangu wa Kihonda, Morogoro, naye alijifungua njiti. Aliruhusiwa na karatasi yenye tarehe ya kurudi, basi. Nauli, foleni, kumwacha yule mkubwa kwa jirani, yote juu yake. Asingerudi, sidhani kama kuna mtu angejua.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kadi ya kliniki, ile ya ukuaji wa mtoto. Huku, nesi akipima uzito anaweka nukta kwenye umri halisi wa mtoto, halafu anachora mshale kurudi nyuma kwa wiki zile alizowahi kuzaliwa. Pale ncha ya mshale inapoishia ndipo ukuaji unaposomwa. Mtoto wa miezi minane aliyewahi wiki kumi anasomwa kama wa miezi mitano na nusu hivi, na kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 hesabu hiyo inaendelea mpaka miaka miwili. Ni kalamu tu, haihitaji umeme wala mfadhili.

Kihonda nukta iliwekwa kwenye tarehe ya kuzaliwa, mshale hakuna. Bila shaka ikaangukia chini. Mdogo wangu akaulizwa mbele ya foleni nzima, "Mama, huyu unamlisha nini?" Alirudi nyumbani akaanza kumkoroga mtoto uji, wakati kwa hesabu ya mshale alikuwa bado mdogo wa maziwa ya mama tupu. Wifi naye akauliza mbona hakai. Shangazi akashauri apelekwe kuombewa. Mtoto hakuwa na tatizo lolote, alikuwa anakwenda na umri wake.

Kwenye chanjo mambo ni kinyume, na hapa naomba wasomaji wenye njiti wanisikilize: chanjo hazirudishwi nyuma. Zinafuata tarehe ya kuzaliwa ileile, nyumbani wiki ya 6, ya 10 na ya 14, huku ya 8, ya 12 na ya 16. Nimesikia mabibi wakisema asubiri anenepe kwanza. Huyo mdogo ndiye anayehitaji kinga mapema kuliko wenzake.

Sasa nije kwenye sifa za nyumbani, maana sikuja Ulaya kuwasifia Wazungu. Siku ya mizani. Tanzania mama anapeleka mtoto kliniki kila mwezi, na hilo limeingia kwenye damu; hata bibi asiyejua kusoma anauliza, "Mwezi huu kilo ngapi?" Huku, ziara za mwanzo zikiisha, mwongozo unasema mtoto asipimwe zaidi ya mara moja kwa mwezi mpaka miezi sita, kisha kila miezi miwili, na baada ya mwaka kila miezi mitatu. Kwenda kumpima ni hiari yako. Nilipotaka kumpima kila wiki niliambiwa kwa upole kwamba najitia wasiwasi. Labda. Lakini mtandao ule wa kliniki za kila mwezi tunao tayari, na Waingereza hawana wa namna hiyo.

Halafu mikono. Kumbeba kangaroo, ngozi kwa ngozi, ndiyo tiba ambayo Muhimbili ilishiriki kuithibitisha: utafiti wa nchi tano uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuanza mara tu mtoto anapozaliwa kunapunguza vifo kwa robo. Leeds nilimbeba kifuani peke yangu. Mume alirudi kazini likizo yake ya wiki mbili ilipokwisha, na wageni tuliwazuia kwa hofu ya mafua ya baridi. Kihonda mama yetu alimfunga mjukuu kifuani kwa kanga mdogo wangu akaoga, akala, akalala. Kuna usiku ningetoa mzani, zulia na nesi wake, nipate hiyo saa moja.

Sheria zenyewe zimeanza kufanana. Mwaka 2025 Uingereza ilianza kutoa hadi wiki 12 za ziada kwa wazazi ambao mtoto wao alilazwa wodi ya wachanga, na mwaka huohuo Tanzania ikaongeza kwenye likizo ya uzazi wiki zilizobaki mpaka kufika ile ya 40 ya mimba. Ni hatua nzuri, ila inamfaa mwenye mwajiri. Mdogo wangu anauza vitumbua. Hakuna wa kumwandikia barua ya likizo, na akipewa siku moja ya macho mjini, nyingine ya uzito Kihonda na nyingine ya mazoezi ya viungo, mbili atazikosa. Zikipangwa siku moja atakuja na mtoto mgongoni. Na mwenye kalamu achore ule mshale kabla hajamuuliza anamlisha nini.