Kifuniko cha mpira juu ya waya: ukumbini sawa, ofisini tufikiri upya

Ofisi ikishachoka na watu kujikwaa kwenye waya wa ekstensheni, wazo linalokuja haraka ni kununua kifuniko cha mpira: ule mkanda mpana unaolazwa sakafuni, umeinuka kidogo katikati, na chini yake una mfereji wa kupitishia waya. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Meneja anataka kinunuliwe leo hii, kwa kuwa hakihitaji fundi wala kibali cha mtu. Fundi umeme anakataa. Kwake yeye dawa ni kuongeza soketi, na mpira ni njia ya kufunika uzembe. Ubishi huu nimeusikia mara nyingi hapa Kigoma, na naona kila mmoja ana haki yake, ila wanazungumzia nyaya mbili tofauti. Meneja ana akilini waya uliofika asubuhi na utakaoondoka jioni. Fundi anaona waya ambao umelala palepale tangu mwaka juzi.

Tuanze na mguu, maana ndio unaoumia kwanza. Kujikwaa tumezoea kukuchukulia kwa wepesi: mtu anaanguka, anainuka, anajipangusa, maisha yanaendelea. Lakini Uingereza, ambako taarifa za ajali za kazini hukusanywa na kuchapishwa kila mwaka, kuteleza na kujikwaa ndiko kunakoongoza kwa majeraha yasiyoua, karibu theluthi moja ya yote yanayoripotiwa na waajiri. Na huko wengi huingia kazini na viatu vya kufunga. Kwetu mteja anaingia na kandambili, na kandambili ncha yake ya mbele hujikunja ikigusa chochote kilichoinuka. Mama mwenye mtoto mgongoni na fomu mkononi haangalii chini, anaangalia dirisha analoitiwa. Akinasa waya, haanguki peke yake. Anavuta na kilichochomekwa upande wa pili, na kama ni birika la maji ya moto, ajali imekuwa ya watu wawili.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA, inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama. Mfanyakazi akivunjika mkono akiwa kazini, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, wa kumtazama. Mteja aliyevunjika mkono kwenye waya uleule hayumo katika mfuko huo. Kwa hiyo anayesema vifuniko hivi ni mapambo ya ofisi za kizungu, mimi siko naye.

Sasa tuje mahali ambapo meneja ana haki kabisa, nako ni kwenye kumbi za semina. Mkoa huu umepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ipo tangu 1996, na mashirika yanayohudumia kambi yamefanya kumbi za hoteli za mjini kuwa darasa la kudumu. Meza ya projekta iko katikati ya ukumbi, soketi iko ukutani, na kati yao ni njia ya kwenda kwenye chai. Huwezi kumwambia mwenye ukumbi achimbe sakafu kwa ajili ya warsha ya siku mbili. Hapa kifuniko ni jibu zuri na halina hatari ya maana. Piga hesabu: projekta inakula kama wati 300, kompyuta mpakato kumi za wati 65 ni 650, jumla haifiki wati 1,000. Kwa umeme wetu wa volti 230 hizo ni ampia nne na kidogo. Waya wowote mzima unabeba mzigo huo bila kupata joto la kutisha, hata ukilala chini ya mpira kutwa nzima.

Kinachofanyika mara nyingi badala yake ni solatepu. Kijana wa ukumbi anabandika vipande vipande, na ikifika saa nne, viatu vimeshabandua ncha, na sasa kuna waya pamoja na mkanda unaonata. Wakati wa masika ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu sakafu ya vigae iliyoingiziwa tope jekundu haishiki gundi hata kidogo. Mpira mzito hauhitaji gundi. Unalala kwa uzito wake.

Upande wa meneja una hoja nyingine yenye nguvu, ambayo mafundi huipuuza. Ofisi nyingi za Mwanga na Ujiji, hapa mjini, ni fremu za kupanga. Umelipa kodi ya miezi sita, mwenye nyumba amekuambia ukuta wake usitobolewe, na mwakani hujui kama utakuwa hapo au umehamia ng'ambo ya barabara. Kumwambia mpangaji wa namna hii aite fundi atindue ukuta na kuingiza mabomba ya waya ni kumwambia awekeze kwenye mali ya mtu mwingine. Mpira anaukunja na kuondoka nao. Hilo si jambo dogo kwa mwenye steshenari ya mashine mbili.

Lakini ni kwenye steshenari hiyohiyo ambapo hoja ya fundi inakuwa ya kweli, na hapa nataka tukae kidogo.

Umeme ukipita kwenye waya unazaa joto. Joto hilo halipandi sambamba na mzigo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Waya ulio wazi unapoa kwa hewa inayouzunguka. Ukiufunika kwa mpira, umeuvisha koti; joto linalozaliwa ni lilelile, ila njia ya kutokea imezibwa. Kwa laptopu hilo halina shida. Fikiria sasa mashine kubwa ya fotokopi inayovuta wati 1,500 inapopasha, na kwenye ekstensheni hiyohiyo kuna birika la wati 2,000 la chai ya wafanyakazi. Jumla ni wati 3,500, zaidi ya ampia 15. Plagi ya miguu mitatu bapa ina fyuzi ya ampia 13, yaani takriban wati 3,000. Mtu atasema basi fyuzi itakatika, tutakuwa salama. Haikatiki upesi hivyo. Fyuzi ikizidishiwa kidogo inaweza kuvumilia muda mrefu, na muda wote huo waya unaiva taratibu chini ya mpira, pasipo mtu kuona ganda likilainika wala kunusa mapema.

Kisha kuna ujanja wa madukani. Chukua ekstensheni ya bei rahisi, geuza waya wake kwenye mwanga, usome maandishi madogo yaliyochapwa kwenye ganda. Ukikuta 3 x 0.75, maana yake ndani kuna nyaya tatu, kila moja ina unene wa milimita za mraba 0.75. Unene huo ni wa kubeba ampia sita. Ili kubeba 13 kwa usalama unatakiwa 1.25 au 1.5. Lakini plagi yake imewekewa fyuzi ya 13! Fyuzi hiyo hailindi waya huo hata kidogo. Waya utaungua kabla fyuzi haijajua kuna tatizo. Na ukikuta ganda halina maandishi yoyote, usiununue kwa kazi ya ofisi. Nimeona watu wakilipa fedha nzuri kwa mpira mnene wa kuvutia kisha wakapitisha chini yake waya wa namna hii. Mguu umelindwa, nyumba imeachwa wazi.

Marekani kanuni zao za usalama kazini zinasema waziwazi kwamba waya wa kuhamahama usitumike mahali pa waya wa kudumu wa jengo. Naona wamegusa penyewe. Kifuniko kinampa waya wa kuhamahama sura ya kitu cha kudumu. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa anauona, anaulalamikia, na lawama hizo zilikuwa zinamsukuma bosi kuelekea kwa fundi. Ukishafunikwa vizuri, malalamiko yanaisha na soketi haiongezwi kamwe. Hili ndilo linalonifanya niwe upande wa fundi kwa ofisi za kudumu, ingawa naelewa shida ya mpangaji.

Na mpangaji hajafungiwa njia. Kabla hujanunua chochote, jaribu kusogeza meza. Mara nyingi waya unakatiza chumba kwa sababu tu mtu aliweka meza katikati siku ya kuhamia. Ikishindikana, pitisha waya pembezoni mwa ukuta na juu ya mlango, hata kama ni mrefu zaidi. Ipo pia trankingi ya plastiki, yaani kasha jembamba la kupitishia waya, inayobandikwa juu ya ukuta kwa skrubu chache: haitindui kitu, fundi mwenye leseni ya EWURA anaimaliza kazi hiyo mchana mmoja, na ukihama unaing'oa na kuziba matundu. Mwenye nyumba akielezwa hivyo kwa heshima, akaoneshwa na picha, wengi hukubali. Wanachokiogopa ni nyundo.

Liko eneo moja ambalo silikubali kwa upande wowote: waya unaopita chini ya mlango. Huu ni urithi wa miaka mji ulipoendeshwa kwa mitambo ya dizeli na umeme ukawa wa kubahatisha, kila ofisi ikanunua jenereta yake ndogo na kuiweka nje. Waya unatoka kwenye jenereta, unaruka kizingiti, unaingia ndani, na mlango wa chuma unafungwa juu yake kila jioni. Watu huweka kipande cha mpira pale wakidhani wamemaliza. Mlango bado unaubana, mpira unasukumwa pembeni, na ganda linakatika mahali ambapo maji ya mvua hupita. Pale dawa ni tundu la ukutani lenye bomba, na swichi ya kubadilisha kati ya TANESCO na jenereta iliyofungwa na fundi.

Ukishaamua kwamba mahali pako kweli panahitaji kifuniko, uchaguzi wenyewe una mambo yanayogongana. Mpira unaotengenezwa kwa matairi yaliyosagwa ni mzito, haupepesuki, na ule weusi wake unausaidia kuvumilia jua. Lakini una harufu kali chumbani siku za mwanzo, na kwenye ukumbi uliozimwa taa hauonekani. Weusi mtupu usinunuliwe kwa kumbi za projekta, tafuta wenye mstari wa njano. Vile vya plastiki ni vyepesi na vya rangi nzuri, ila vikikaa vimekunjwa stoo hubaki na mkunjo, ncha zinainuka, na ncha iliyoinuka ni waya mwingine wa kujikwaa.

Kwa Kigoma kuna jambo ambalo muuzaji wa Dar es Salaam hatakuambia. Mawese. Mpira wa asili hauelewani na mafuta. Ukiloweshwa kila siku unavimba, unalainika na kupoteza umbo. Kwa mtengeneza sabuni, mkaangaji, au stoo ya madumu ya mawese, kifuniko cha kawaida hakitadumu, na juu yake kutakuwa na utelezi. Hapo upo mpira wa naitraili, uleule unaotumika kwenye mipira ya kupitishia mafuta ya magari, nao ni ghali. Kama huupati, afadhali waya upite juu kwenye kenchi.

Urefu wa nundu nao una maana kubwa kuliko bei. Vigezo vya Marekani vya majengo yanayofikiwa na watu wenye ulemavu vinaruhusu sakafu ipande ghafla kwa milimita sita tu. Kuanzia hapo hadi 13 ukingo lazima uwe wa mteremko, na zaidi ya 13 inatakiwa njia ya kupandia kabisa. Vifuniko vingi vinavyouzwa kwa ajili ya magari na matoroli ya bandarini ni vinene kuliko hapo. Vikiletwa kwenye zahanati au benki vinamzuia mwenye kiti cha magurudumu na kumwangusha mzee mwenye mkongojo. Kwa mahali pa watu, chukua kilicho chembamba na kipana, chenye mteremko mrefu pande zote mbili.

Nenda dukani na ekstensheni yako mwenyewe. Ilaze ndani ya mfereji uone inaingia bila kubanwa, kwa sababu waya uliobanwa hupata joto zaidi na kukatika nyuzi. Usikubali kiungio wala kichwa cha soketi kikae ndani ya mpira, hata kama kinaenea. Waya wa intaneti uwe na mfereji wake, mbali na wa umeme. Laza kipande sakafuni, vaa kandambili, pita juu yake kama mtu mwenye haraka, uburute mguu. Na siku ya kwanza ya kukitumia, baada ya saa moja ya kazi, weka kiganja juu ya mpira mahali waya unapopita. Ukihisi uvuguvugu, chomoa birika.